Wastani Hausimami Kwenye Foleni ya Maji

(Mada iliyotolewa na mtafiti wa uchumi mbele ya vijana wa chama, Majengo, Dodoma. Tumeiweka karibu kama alivyoizungumza. Tumepunguza salamu na maswali ya ukumbini.)

 

Nianze na jambo moja ili tusidanganyane. Mimi sina kadi ya chama chenu, wala ya wale wengine. Kazi yangu ni utafiti wa uchumi. Ninachofuatilia ni nani anapata huduma za msingi, nani hapati, na yule asiyepata analipa shilingi ngapi kwa kutokupata kwake. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Kaka, njoo utupe namba za kuwabana." Nikamjibu nitakuja, ila baadhi ya namba zitawabana na nyie. Akacheka. Sijui kama bado anacheka. [Kicheko]

Leo nitazungumza maji. Ningeweza kuzungumza shule, zahanati au umeme, na nitagusa kidogo. Lakini hapa Dodoma ukitaka kumwelewa mtu anavyoishi, usimuulize mshahara wake. Muulize maji anayatoa wapi.

Nilipokuwa nasoma nilipanga chumba kwenye nyumba ya uani, wapangaji saba, choo kimoja, bomba hakuna. Mpangaji mwenzangu mmoja alikuwa mama anayeuza mchicha na nyanya hapa Soko la Majengo. Alikuwa na watoto watatu. Kila siku ananunua madumu manne kwa jirani mwenye bomba. Maji yakikatika, jirani naye hana, basi binti yake mkubwa wa kidato cha pili anaamshwa saa kumi alfajiri aende kupanga foleni kwingine. Siku moja alirudi saa moja na nusu na madumu mawili, akavaa sare, akakimbia shule, akachapwa kwa kuchelewa. Jioni mama yake akamwambia, "Kesho wahi zaidi." Hakusema "kesho usiende". Angesemaje?

Sasa nisikilizeni vizuri. Kama siku ile angepita karani wa takwimu akamuuliza yule mama, "Je, mnapata maji ya bomba?" jibu lingekuwa ndiyo. Na lisingekuwa uongo. Maji yale yalitoka bombani, bomba la jirani. Kwenye ripoti angehesabiwa upande wa waliofikiwa na huduma. Ile saa kumi alfajiri isingeandikwa popote. Fimbo za binti isingeziandika ripoti yoyote. Bei ya dumu isingeonekana.

Ndiyo maana nawaambia: wastani hausimami kwenye foleni. Wanaosimama ni watu. Tukiishia kubishana kama huduma ni asilimia ngapi, wenye ripoti watashinda mabishano na mama wa mchicha ataendelea kuamsha mtoto alfajiri.

Jambo hili lilishapimwa zamani, na mji wetu umo ndani yake. Miaka ya 1960, kati ya 1966 na 1968, watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania wakiangalia watu wanavyochota na kutumia maji majumbani. Dodoma ilikuwa mojawapo. Kitabu chao kikatoka 1972. Miaka thelathini baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, timu nyingine ikarudi kwenye maeneo yale yale. Safari hii walikuwemo watafiti wa kwetu, akiwemo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na James Tumwine wa Makerere.

Mnadhani walikuta nini? Miaka thelathini ya uhuru, miradi, wafadhili, mipango. Walikuta kwamba mijini, mtu asiye na bomba nyumbani anatumia muda zaidi ya mara tatu kutafuta maji kuliko zamani. Ilikuwa kama dakika 28 kwa siku, ikawa kama dakika 92. Saa moja na nusu kila siku! Na hata wenye bomba hawakusalimika: maji waliyotumia kwa kichwa yalishuka hadi karibu nusu, kwa sababu bomba lilikuwepo lakini maji hayatoki. Wakakuta kitu kingine ambacho miaka ya 60 kilikuwa kidogo sana: biashara ya maji. Vioski, mikokoteni, majirani. Kwa maneno mengine, pale huduma ya umma ilipoishia, duka likafunguliwa.

Simlaumu mwenye mkokoteni. Kuna vijana humu ndani wanaendesha maisha kwa mkokoteni, nawaheshimu. Bila wao watu wangekufa na kiu. Ninachosema ni kwamba tumewaachia soko watu maskini zaidi, huku wenye uwezo wakibaki na bei ya umma.

Tufanye hesabu. Mwenye simu afungue kikokotoo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Dumu ni lita 20. Kwa hiyo uniti moja ni madumu mangapi? [Ukumbi: Hamsini!] Hamsini. Sasa, dumu likiuzwa shilingi 50, uniti ni shilingi 2,500. Likiuzwa 100, uniti ni 5,000. Likiletwa na mkokoteni mpaka mlangoni kwa 300, uniti ni 15,000. Mimi sitawatajia bei ya mwenye mita. Mwenye bili kwenye simu aitazame sasa hivi, aangalie analipa ngapi kwa uniti, amwambie jirani yake wa kulia.

[Minong'ono]

Naona sura zinabadilika. Yule mama wa mchicha, kwa madumu manne ya shilingi mia, alikuwa anatoa 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Anapata nini? Lita 80 kwa siku, watu wanne, lita 20 kwa kila mmoja. Kunywa, kupika, kuoga, kufua, choo. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha chini kwa mwananchi wa kijijini: lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Huyu yuko mjini, makao makuu ya nchi, na kiwango cha kijijini hakifikii.

Na msidhani ni Dodoma peke yake. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kuwa wakazi wa mitaa ya mabanda ya Jakarta, Manila na Nairobi wanalipa maji mara tano hadi kumi zaidi, kwa lita ile ile, kuliko wakazi wa mitaa ya matajiri ya miji hiyo hiyo. Maskini ananunua kwa kipimo kidogo, na kipimo kidogo siku zote ni ghali. Ndivyo ilivyo kwa mafuta ya kupikia ya kupimiwa, ndivyo ilivyo kwa mkaa wa kopo.

Mtu atasema: "Wewe mtafiti, Dodoma ni kame, Mungu ndiye aliyepanga." Ni kweli ni kame. Mvua yetu kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na nyingi inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Kumbukumbu za visima vile, zaidi ya miaka hamsini, zimewaonyesha wanasayansi kwamba maji ya ardhini yanajazwa hasa na ile misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997 na 1998. Kwa hiyo maji yana kikomo, hilo sibishi. Lakini jamani, ukame hauchagui mtaa. Bomba ndilo linalochagua. Kama maji ni haba, swali la siasa ni hili: uhaba unagawanywaje? Kwa nini mtaa mmoja mgao ni siku mbili na mwingine ni wiki?

Na hapa inabidi tuongelee ardhi, maana kwetu bomba linafuata kiwanja. Mwaka 1973 nchi iliamua makao makuu yawe Dodoma, ikaundwa CDA. Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa CDA, watu wakipewa hati za miaka 33, mpaka ilipovunjwa Mei 2017. Wazee wa hapa wanajua habari za bomoabomoa, sina haja ya kuwafundisha. Ninachotaka mkione kama wachumi ni hiki: eneo lililopimwa linapata barabara, na barabara inapata bomba. Eneo lisilopimwa linasubiri. Na nani anajenga kwenye eneo lisilopimwa? Yule aliyeshindwa bei ya kiwanja kilichopimwa. Kwa hiyo anaadhibiwa mara mbili.

Halafu mji ukakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Tukawa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Miaka kumi, karibu mara mbili! Wizara zimehamia, Mtumba umejengwa, treni ya SGR inafika tangu 2024. Haya ni mambo mazuri, na msiwe watu wa kukataa kila kitu, mtaonekana hamna macho. Lakini kila mtumishi aliyehamia na familia yake anafungua bomba kwenye kisima kile kile. Ana haki. Swali ni kama binti wa kidato cha pili amesogezwa nyuma kwenye foleni ili yeye apite.

Sasa bei. Nani anapanga bei ya maji? [Ukumbi: Serikali!] Mamlaka ya maji inaomba, EWURA inaidhinisha. Na kabla ya kuidhinisha, EWURA hufanya mkutano wa wazi, unaitwa taftishi. Nyooshe mkono aliyewahi kuhudhuria taftishi ya bei ya maji.

Sioni mkono hata mmoja.

Makamanda, hapo ndipo namba inapowabana nyie. Mnajaza viwanja kwenye mikutano ya hadhara, na ni haki yenu. Lakini siku bei ya maji inapojadiliwa, ukumbi una watu wangapi? Na hao wachache wanaokuja ni akina nani? Ni wateja wenye mita. Mama wa mchicha hana namba ya mteja. Kwenye vitabu yeye hayupo. Analipa kuliko wote, na hana kiti mezani.

Niwaonyeshe jinsi kutokuwepo kwake kunavyomuumiza. Pale ambapo bei inapanda kwa ngazi, uniti za kwanza zinakuwa nafuu ili kumsaidia mnyonge, na ukitumia nyingi unalipa zaidi. Wazo zuri kabisa kwenye karatasi. Lakini wapangaji saba wanaotumia mita moja, au mtaa mzima unaochota kwa jirani mmoja, wanaunguza zile uniti nafuu siku chache tu. Wanapanda ngazi ya juu. Tajiri mwenye mita yake na familia ya watu watatu anabaki kwenye unafuu. Msaada uliolengwa kwa maskini unamfikia aliyeweza kulipa gharama za kuvutiwa bomba. Hakuna mtu aliyekaa akapanga uovu huo. Umetokea kwa sababu waliopanga hawakumuuliza anayenunua kwa dumu.

Huduma nyingine zina mtego ule ule. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Hatua kubwa, watoto wengi wakaingia. Lakini ada ni sehemu moja ya gharama. Sare, daftari, nauli, chakula, na ile saa ya alfajiri kwenye foleni ya maji, vyote vipo. Mtoto yupo kwenye daftari la mahudhurio, kichwa kimelala juu ya dawati. Wastani unasema yuko shule.

Nizungumzie ahadi. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi karibu na makazi yake. Ikafika 1991, sera mpya ikasema 2002. Ikafika 2002, ikatoka sera nyingine, na mita zile zile 400. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ahadi ya kwanza leo ni bibi. Nasema haya kwenu kwa sababu nanyi mnaandika ilani. Mkiandika "maji kwa wote" bila kusema mtaa gani, mwaka gani, kwa fedha ipi, mtakuwa mmenakili ahadi ya 1971. [Makofi]

Sasa nije kwenye lililonileta hasa. Mwaka jana kijana mmoja, sitasema wa wapi, alinitumia posta aliyotengeneza. Ilikuwa na asilimia ya watu wasio na maji Dodoma, namba kubwa, nyekundu. Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akasema, "Bro, si inajulikana tu." Nikamwambia aifute. Akanikasirikia, akaniita mwoga.

Sikuwa mwoga. Nilikuwa nakumbuka 2018. Julai mwaka ule, Twaweza walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi yakionyesha wananchi wanaoridhika na utendaji wa Rais wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. COSTECH ikawaandikia barua kuhusu kibali cha utafiti. Mkurugenzi wao, mchumi Aidan Eyakuze, akashikiliwa pasipoti. Septemba mwaka huo huo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopotosha au kupinga takwimu rasmi. Kelele zikapigwa ndani na nje, na Juni 2019 kifungu kile kikalegezwa. Somo ni nini? Namba ikiuma, swali la kwanza si "ni kweli?" Swali la kwanza ni "umeipataje?" Twaweza walikuwa na jibu: waliuliza watu, wana njia, wana maswali yaliyoandikwa. Yule kijana wa posta angejibu nini? Angemchoma nani? Angewachoma nyie, na angemchoma mama wa mchicha, maana siku ukija na namba ya kweli kuhusu foleni yake, watasema "hao ndio wale waongo wa ile posta".

Kwa hiyo nawapa kazi. Haihitaji mfadhili.

Kwanza, kila tawi lichague mtaa wake. Nenda kwenye sehemu watu wanapochota maji, kaa na saa. Andika vitu vinne: mtu amefika saa ngapi, ameondoka saa ngapi, ameondoka na madumu mangapi, amelipa shilingi ngapi. Usiulize jina. Usiulize chama. Fanya siku saba, si siku ya shida peke yake. Ukienda siku maji yamekatika tu, umedanganya.

Pili, andika na siku ambazo hali ilikuwa nzuri. Mkiona mtaa umeboreshwa, semeni umeboreshwa. Hapo ndipo watawaamini mkisema mwingine umesahauliwa.

Tatu, tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andikeni barua kwa mamlaka husika, muombe ratiba ya mgao kwa kila mtaa. Sheria inawapa siku 30 kujibu. Wekeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakijibu, mmepata taarifa. Wakikaa kimya, mmepata taarifa nyingine.

Nne, pelekeni karatasi zenu kwenye mkutano wa mtaa, na siku ya taftishi mjae. Mkachukue wale wanaonunua kwa dumu, wakae mbele, waseme wenyewe. Msiwasemee.

Na jiandaeni kwa danadana. Diwani atawaambia maji si ya halmashauri, mamlaka ya maji iko chini ya Wizara. Ni kweli. Mamlaka itawaambia eneo halijapimwa, nendeni Jiji. Na hilo linaweza kuwa kweli. Mwananchi anapigwa danadana kati ya kweli mbili. Kazi ya chama ni kuwakalisha hao wawili kwenye meza moja.

La mwisho. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ulishika halmashauri za miji mikubwa: Arusha, Mbeya, Dar es Salaam. Siku moja mnaweza kushika na hapa. Siku hiyo foleni itakuwa yenu. Zile karatasi mtakazoandika sasa, zihifadhini vizuri, ili kijana mwingine aje na saa yake, apime pale pale mlipopima, awaulize: dakika zimepungua au zimeongezeka?

Yule binti wa kidato cha pili alimaliza shule. Matokeo yake sitayasema, ni yake. Juzi nilipita mtaa ule. Nyumba ile sasa ina bomba uani. Nikafungua, nikasubiri. Likatoa upepo. Pembeni palikuwa na madumu sita yamepangwa mstari, na mtoto mdogo amekaa juu ya la mwisho.

 Karibuni kwa maswali, na mwenye swali aanze kwa kutuambia leo asubuhi amechota maji wapi.